Kunguni nyumbani: dalili, vyanzo, na kwa nini hurudi baada ya kupulizwa

Ukihisi una kunguni, usikimbilie duka la dawa. Inua godoro kwanza, washa tochi, ujue wako wapi na wamefika wapi. Chumba kinaweza kupulizwa mara tatu na watu wakaendelea kukesha wakijikuna. Sababu huwa ni moja kati ya hizi: mdudu hakuwa kunguni, maficho hayakufikiwa, mayai yaliachwa yakaanguliwa, au chumba cha jirani hakikuguswa. Tutazifuata dalili moja moja hadi kwenye chanzo chake, tukiwa na mazingira ya Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, akilini.

Unaamka na vipele, mdudu humwoni

Vipele peke yake havithibitishi kitu. Kunguni huuma sehemu zilizo wazi wakati wa usiku: mikono, shingo, uso, mgongo kwa anayelala bila fulana. Alama zake mara nyingi huwa tatu nne kwa mstari au kwa kundi, kwa sababu mdudu huyo huyo hutoboa, huguswa na mlalaji akigeuka, kisha hutoboa tena pembeni. Lakini wapo watu wasiovimba kabisa. Baba anaweza kulala kitanda kimoja na mama, mama akajaa vipele naye akawa safi, wakati wote wawili wanaumwa. Tena kwa mtu anayeumwa kwa mara ya kwanza maishani, alama zinaweza kuchelewa hata wiki mbili. Kwa hiyo mgeni aliyevimba leo huenda aliumwa alikotoka, kabla hajalala kwako.

Kabla ya kuwatuhumu kunguni, angalia hawa wengine.

Viroboto huuma vifundo vya miguu na chini ya magoti, na huruka ukitaka kuwashika. Nyumba huwa na mbwa, paka au panya. Tibu mnyama na fagia sakafu, kitanda hakihusiki.

Ugonjwa wa upele (skebisi) huwasha zaidi usiku pia, na hapo ndipo watu huchanganya. Tazama katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Kama ndiko kunakowasha, na watu kadhaa wa nyumba wanajikuna hivyo hivyo, nenda kituo cha afya. Dawa ya upele hupakwa na watu wote wa nyumba siku moja, na hakuna sumu ya kunguni itakayosaidia.

Utitiri wa kuku ni wadogo kuliko milimita 1, hutembea juu ya ngozi ukiwahisi. Chanzo ni kuku wanaolala ndani, au banda lililoegemezwa ukutani karibu na dirisha. Hamisha banda kwanza.

Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa makundi makubwa na kujazana kwenye taa hawaumi. Wanaudhi, lakini usiwahesabu hapa.

Papasi anataka aya yake, maana huyu ni hatari. Huishi kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku kunyonya kama kunguni, na hueneza homa ya papasi. Tofauti inaonekana kwa macho: papasi ana miguu 8, mwili wake ni wa kijivu au kahawia, umekunjamana kama ngozi ngumu. Kunguni ana miguu 6 na vipapasio viwili vidogo kichwani, mwili wa kahawia unaoelekea wekundu, bapa akiwa na njaa na mviringo akishashiba. Ukiwa unaishi kwenye nyumba ya udongo na una homa inayopanda, inatulia siku kadhaa, kisha inarudi, waambie wahudumu wa afya waziwazi kwamba nyumbani kuna papasi, ili damu ipimwe kwa hadubini na isichukuliwe kuwa malaria tu. Kwa mama mjamzito homa hii inaweza kuharibu mimba. Kunguni, kwa upande wake, hajathibitika kumwambukiza binadamu ugonjwa wowote nyumbani. Madhara yake ni muwasho, vidonda vya kujikuna vinavyoingia uchafu, usingizi kupotea, na pale walipojazana sana, upungufu wa damu kwa watoto na wazee.

Kuthibitisha kwamba ni kunguni

Kagua mara mbili: mchana kwa kutafuta alama, na usiku kati ya saa 9 na saa 11, muda wanaopenda kunyonya. Usiku usiwashe taa ya chumba. Washa tochi ghafla ukiielekeza kwenye mishono ya godoro na kichwani mwa kitanda.

Unachotafuta ni hiki. Madoa meusi, kama nukta za kalamu, kwenye mishono ya godoro, kwenye chaga na ukutani nyuma ya kitanda. Hicho ni kinyesi cha damu iliyomeng'enywa. Lowesha pamba au kitambaa cheupe, sugua doa: likiyeyuka na kuacha rangi ya kahawia au nyekundu, ni la kunguni. Likibaki kavu bila kutoa rangi, huenda ni kutu, rangi ya mbao au ukungu. Pia utaona magamba mepesi ya rangi ya asali waliyojivua, matone ya damu kwenye shuka, na mayai meupe ya urefu wa milimita 1 yaliyonata kwenye mbao. Wakizidi sana chumba hutoa harufu nzito ya utamu uliochacha. Usiisubiri harufu hiyo, maana hadi hapo wameshaenea.

Ukubwa wao hupotosha watu. Mkubwa ni milimita 5 hadi 7, karibu na mbegu ya papai. Aliyetoka kwenye yai ana milimita 1.5 na ni karibu wa kupenya mwanga, haonekani hadi anywe damu. Watu huwaona wakubwa watano, wakawaua, wakatangaza kazi imekwisha.

Mpangilio wa kukagua: godoro pande zote, hasa ule ukingo mnene uliozungushiwa na pale kwenye lebo. Kisha chaga moja moja, upande wa chini. Kisha viungo vya kitanda, tundu za skrubu na bolti, na ubao wa kichwani, ambao lazima utolewe. Kwenye kitanda cha chuma chungulia ndani ya mabomba yaliyo wazi. Ukimaliza kitanda, panua duara: nyuma ya picha na kalenda, pembe za chandarua pale kamba zinapofungwa, mikunjo ya pazia, droo za kabati, viti, soketi za umeme, mwanya kati ya skatingi na ukuta, na kona ya dari.

Ukiwakuta kitandani pekee, uko mwanzoni, na kazi inaweza kwisha bila sumu kabisa. Ukiwakuta kwenye soketi na kona ya dari, wamejaa hadi nafasi ya kitandani haitoshi, na hapo jiandae kwa mwezi mzima na zaidi.

Siku ya kwanza: joto kabla ya sumu

Joto ndilo silaha tunayoiamini kuliko zote, kwa sababu kunguni hana usugu dhidi yake na yai nalo hufa. Kwenye nyuzi 48 mkubwa hufa ndani ya dakika 20 hivi, yai huhitaji karibu saa moja na nusu. Ikipita nyuzi 55 hufa wote kwa haraka. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yanatosha kabisa, mradi yafike kwa mdudu kabla hayajapoa.

Usihamie kulala sebuleni. Hili ndilo kosa linalogeuza tatizo la chumba kimoja kuwa la nyumba nzima. Kunguni hufuata pumzi na joto la mwili, na baada ya siku chache sofa nayo itakuwa na wenyeji. Endelea kulala kitanda kile kile, ukikitengeneza kama ifuatavyo.

Nguo na matandiko. Usibebe shuka mikononi ukipita nazo korido. Zitie kwenye mfuko mkubwa wa nailoni ukiwa chumbani, funga, ndipo utoke. Kwa kufua kwa mikono, changanya ndoo 2 za maji yanayochemka na ndoo 1 ya maji ya bomba. Utapata karibu nyuzi 70. Zamisha nguo, funika beseni kwa mfuniko au nailoni ili joto lisitoke, acha dakika 30, kisha fua kawaida. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni nyingi yanasafisha nguo, mayai yanabaki hai. Zikikauka piga pasi, ukikawia kwenye mishono na pindo. Zilizo safi ziweke kwenye mfuko mpya uliofungwa, usizirudishe kwenye kabati ambalo bado halijakaguliwa.

Vitu visivyostahimili maji moto, kama viatu, mabegi na koti, vitie kwenye mfuko mweusi, tabaka lisizidi sentimita 10, funga, weka juu ya mabati au juu ya jabali lililopata jua kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Geuza mara moja katikati. Weka kipimajoto cha jikoni katikati ya nguo, kwa sababu ngozi ya mfuko inaweza kuunguza vidole wakati katikati bado ni nyuzi 38. Unataka nyuzi 50 pale katikati kwa saa 1 na nusu. Siku ya mawingu, au wakati wa mvua za masika, usiitegemee njia hii. Wenye friza ya kuhifadhia samaki wana njia nyingine: funga vitu kwenye nailoni, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4 kamili. Friza ndogo ya juu ya jokofu la kawaida, inayofunguliwa kila saa, mara nyingi haifiki huko.

Kitanda cha mbao. Kifungue chote kwa bisibisi na spana, kitoe nje. Sugua viungo kwa brashi ngumu na maji ya sabuni (vijiko 2 vya sabuni ya maji kwa lita 1) ili kung'oa mayai. Gundi ya yai ni imara, kufuta kwa kitambaa hakuliondoi. Kisha mimina maji yanayochemka kutoka kwenye birika, polepole, mdomo wa birika ukiwa karibu na mbao, kwenye kila kiungo, tundu la skrubu na ufa. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinataka lita 15 hadi 20. Ukirusha maji kwa jagi kutoka mbali yanapoa hewani na unakuwa umeosha kitanda tu. Ubao wa kichwani uliotengenezwa kwa mbao za unga usiumwagie maji, utavimba na kupasuka. Huo tumia mvuke wa pasi au brashi, kisha dawa. Ziba nyufa na tundu zisizotumika kwa puti au gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao kabla hujakiunga.

Godoro. Kulianika juani jinsi lilivyo ni desturi ya kila mtaa na haliui kunguni. Upande wa juu ukipata moto wao huhamia chini, kwenye kivuli, na sponji huzuia joto lisifike katikati. Vua kava, lichemshe. Sugua ukingo na mishono kwa brashi, bandika selotepu pana na uibandue ili kuokota magamba, mayai na wadudu. Usilimwagie godoro maji moto, sponji nene haikauki ndani na utaleta ukungu. Halafu livishe kava lenye zipu linalofunika pande zote sita. Mwisho wa zipu, pale meno yanapoachana, funga kwa selotepu, maana ndipo mtoto wa kunguni hupita. Kava hilo likae mwaka mzima bila kufunguliwa. Godoro lililotoboka hadi sponji imechimbika halifai kuokolewa. Ukilitupa, lichane na uandike kwa rangi kwamba lina kunguni, mtu asilichukue akawapelekea wanawe.

Kukitenga kitanda. Kivute sentimita 15 kutoka ukutani. Shuka lisiguse sakafu, chandarua kichomekwe chini ya godoro kisiguse ukuta. Ziwa lina mbu na malaria ipo, kwa hiyo usikivue chandarua kwa ajili ya kunguni. Kikague kwa tochi, waokote kwa selotepu, kifue kwa maji baridi na sabuni ya mche, kianike kivulini. Maji ya moto na jua kali huharibu dawa iliyomo. Kila mguu wa kitanda uusimamishe ndani ya kopo, na kopo hilo ndani ya bakuli pana lenye maji ya sabuni kina cha sentimita 2. Bakuli tupu la plastiki laini halitoshi: yule kunguni wa nchi za joto hupanda kuta laini kuliko mwenzake wa nchi za baridi. Badilisha maji kila baada ya siku 3, mbu wasizaliane humo, na uhesabu waliozama. Hesabu hiyo itakusaidia baadaye.

Nimepuliza, na bado wapo

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na lina majibu zaidi ya moja.

Usugu. Angalia kibandiko cha dawa. Kiambata chenye jina linaloishia na "thrin" ni cha jamii ya pairethroidi, na dawa nyingi za kupuliza za madukani ni za jamii hiyo, pamoja na chaki nyingi za mende. Ndiyo jamii inayotumika pia kwenye vyandarua. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo kutoka vijiji vya kaskazini mashariki mwa Tanzania: kunguni wa nyumba zilizokuwa zikitumia vyandarua vyenye dawa walikuwa wamejenga usugu. Jipime mwenyewe: okota kunguni 10 hai, waweke kwenye kopo lenye karatasi uliyoipulizia ikakauka, na wengine 10 kwenye kopo lisilo na dawa. Baada ya saa 24, kama wa dawa wengi bado wanatembea, kuongeza dozi ni kujidhuru mwenyewe. Badilisha jamii ya dawa. Zipo zilizosajiliwa zenye imidaklopridi au klorfenapiri, na nyingine zimeongezwa PBO inayosaidia kuvunja usugu wa aina fulani. Klorfenapiri huua polepole kwa siku kadhaa, usiihukumu kesho yake.

Dawa imewatawanya. Pairethroidi huwakera kunguni hata pale isipowaua. Ukipuliza katikati ya chumba, au ukiacha bomu la moshi chumba kimefungwa, wanakimbilia ndani zaidi ya nyufa na wengine wanavuka kwenda chumba cha pili. Dalili yake ni wazi: kitanda chako kimepungua, chumba cha watoto ambacho kilikuwa safi kimeanza. Dawa inapakwa kwenye maficho, kuanzia nje kuelekea kitandani: kwanza mwanya wa mlango na skatingi, kisha kuta, mwisho fremu ya kitanda. Shuka, mto na sehemu unayolalia havipulizwi kabisa.

Kipimo. Kama kibandiko kinasema mililita 20 kwa lita 5, basi pampu ya lita 2 inapokea mililita 8, zilizopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. "Kifuniko kimoja" si kipimo, vifuniko hutofautiana. Ukizidisha maji unawapa dozi ya kuwazoesha. Na usipige deki kuta zilizopulizwa siku inayofuata, unaondoa dawa iliyotakiwa kuua watakaotoka wiki ijayo.

Mayai. Karibu dawa zote za kupuliza haziui mayai. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo watu wengi hushindwa.

Walitoweka wiki mbili, kisha wakarudi

Jike anayepata damu hutaga yai 1 hadi 5 kwa siku, na maishani mwake anaweza kufikisha 200 hadi 500. Kwa joto la kandokando ya ziwa mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Mtoto hupitia hatua tano, kila hatua ikitaka mlo mmoja wa damu, na ndani ya wiki 5 hadi 6 anakuwa mkubwa wa kutaga. Kwa hiyo usiku 14 wa utulivu baada ya dawa si ushindi. Wakubwa wamekufa, watoto wapya ni wadogo wasioonekana.

Ratiba inayofuata hesabu hiyo ni hii: siku ya 1, kazi yote iliyoelezwa juu. Siku ya 12 hadi 14, rudia maji moto kwenye viungo vya kitanda, brashi, na dawa kama unatumia: hapo unawapata walioanguliwa kabla hawajakomaa. Siku ya 26 hadi 28, rudia tena. Ukiruka raundi ya pili kwa sababu "hawaumi tena", unaanza upya mwezi unaofuata. Baada ya hapo soma mabakuli ya miguu ya kitanda kila wiki. Wakizama kwenye nafasi kati ya kopo na ukingo wa bakuli, wametoka nje ya kitanda, yaani maficho yako ukutani au kwenye samani. Ukiumwa na mabakuli ni matupu, wamo kitandani humo humo, au kuna daraja: shuka lililoshuka, waya wa chaja, pazia, chandarua kilichogusa ukuta.

Sababu nyingine ya kurudi ni sofa. Geuza kochi, fungua kitambaa cheusi cha chini kilichobanwa kwa pini, chungulia kwenye fremu. Sofa za sebuleni ambako mtu hulala mchana, mlinzi hupumzika au mgeni hutandikiwa, husahaulika mara kwa mara.

Wapo wanaotandaza majani ya maharage sakafuni usiku, njia ya zamani ya nchi za Balkani. Yanafanya kazi kweli: vinyweleo vyake vidogo hutoboa na kunasa miguu ya kunguni, na asubuhi majani yanachomwa. Yanapunguza wanaotembea, hayafiki kwenye mayai. Yatumie kama nyongeza, yakiwa mabichi.

Chumba changu kimekwisha, wanatoka kwa jirani

Kwenye nyumba za kupanga za vyumba vya mstari, kuta mara nyingi huishia chini ya kenchi bila dari. Kunguni hupita juu, na hupita pia kwenye tundu za nyaya. Ukitibu chumba kimoja kati ya sita unakuwa umewapa matembezi. Mwite mwenye nyumba na wapangaji wote, kagueni vyumba vyote siku moja, tibuni vyote siku moja, na raundi ya pili ifanyike vyote. Afisa afya wa kata anaweza kushirikishwa pale mmoja anapokataa. Kinachokwamisha ni aibu: mtu anaficha, anapuliza usiku peke yake, anawasukuma kwa mwenzake. Kunguni hafuati uchafu, anafuata damu. Chumba kinachopigwa deki kila siku kina damu ile ile. Vurugu ya vitu inawaongezea maficho tu. Anayelijua hilo husema mapema, na akisema mapema majirani wanaokoka.

Kama haiwezekani vyote, angalau ziba mpaka wako: puti kwenye nyufa za ukuta, silikoni kuzunguka soketi na bomba, plasta ya udongo na saruji kwa ukuta wa udongo, na ubao au dari juu. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua soketi, na usipulizie maji wala dawa ya maji ndani yake.

Sumu ambazo haziingii ndani ya nyumba

Kanda hii inalima pamba, na dawa ya pamba iliyobaki msimuni hupatikana kirahisi Kwimba, Magu na Misungwi. Kuipuliza chumbani kunaua watu. Nyingi zimetengenezwa kwa shamba lenye hewa, na mabaki yake hukaa kwenye godoro miezi. Mtu aliyedhurika hutokwa mate na jasho jingi, hutapika, mboni za macho husinyaa, kifua hubana. Mtoe nje, mvue nguo, mwoshe ngozi kwa sabuni, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kopo au kibandiko.

Vidonge vya kuhifadhia mahindi ni vibaya zaidi. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, isiyo na dawa maalumu ya kuipinga. Gesi hiyo hupita chini ya mlango na juu ya ukuta usiofika paani, ikawaua wanaolala chumba cha pili ambao hata hawakujua kilichowekwa. Usiviweke chini ya kitanda, hata kidonge kimoja, hata kwa saa moja.

Mafuta ya taa na petroli huua kunguni aliyeguswa tu, yai hapana, na sponji iliyolowa ikikutana na mshumaa au kiberiti haitoi nafasi ya kukimbia.

Dawa inayofaa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kibandiko chake kina namba ya usajili, na kinataja matumizi ya ndani ya nyumba. Dawa iliyogawiwa kwenye chupa ya maji isiyo na kibandiko usiinunue. Ukiita wapuliziaji, waulize kiambata ni kipi, kimesajiliwa kwa namba gani, watarudi siku ya ngapi. Anayeahidi kumaliza kwa siku moja bila kurudi hajaweka mayai kwenye hesabu yake. Watoto, wajawazito na wenye pumu wakae nje hadi dawa ikauke na chumba kipate hewa, kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko. Samaki nao wakumbukwe: pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana, hivyo maji ya kuoshea pampu yasimwagwe kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Nyunyizia masalio kwenye maficho yale yale hadi yaishe.

Wanaingilia wapi

Kagua kitanda na sofa zilizokwisha kutumika kabla hazijapakiwa kwenye bajaji, si baada ya kufika sebuleni. Nguo za mitumba kutoka soko la Mlango Mmoja zipite kwenye maji moto kabla ya kuingia kabatini. Begi lililotoka safarini, nyumba ya wageni, hosteli ya wanafunzi au kambi ya uvuvi visiwani, lifunguliwe nje au bafuni, nguo zote ziende moja kwa moja kwenye beseni, begi lenyewe liingie kwenye mfuko mweusi juani. Ukilala ugenini usiweke begi kitandani wala sakafuni kando yake: lining'inize, au liweke juu ya meza ngumu mbali na ukuta. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kuanzisha ukoo.

Chumba kihesabiwe kimepona pale wiki 8 zinapopita tangu raundi ya mwisho bila kuumwa, bila doa jipya kwenye shuka jeupe, na mabakuli yakiwa matupu. Kuhama na kukifunga chumba si mbadala wa hayo: kwa joto letu kunguni mkubwa huvumilia njaa miezi miwili mitatu, na sehemu zenye baridi hukaa zaidi. Mabakuli yanaweza kuondolewa baada ya wiki hizo 8. Kava la godoro liache.